Doa Haiko kwa Dirisha

Siku ya kuniaga walinipa blanketi, wakanifunga leso mabegani, wakasema ninastaafu kwa sababu umri umefika. Umri ulikuwa umefika, sikatai. Lakini kazi yenyewe nilikuwa nimeiacha miezi kadhaa kabla ya blanketi, asubuhi ambayo mtu mmoja aliniambia neno moja tu, na neno hilo lilizaliwa mle mle maabarani siku yangu ya kwanza. Nyinyi mnaobaki mnalitumia kila siku bila kujua lilikotoka. Nimechoka, na mgongo haunikubalii kukaa mezani muda mrefu, lakini hili nitaliandika, kisha mniache nipumzike.

Mimi ni Moraa. Nilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai nje ya mji wa Kericho. Wazazi wangu walitoka Kisii kuja kuchuma chai kwa muda mfupi, na huo muda mfupi haujaisha mpaka leo. Nilisomea ufundi wa maabara, na nilipopata kazi chuoni, idara ya fizikia, nilidhani nitakuwa mtu wa kugawa waya na betri kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Badala yake karani alininyooshea kidole hadi mwisho wa korido, chumba cha jirani na choo. Mlangoni palikuwa na maandishi ya chaki: USISUKUME, VUTA. Nikasukuma, kama kila mtu anavyofanya.

Ndani alikuwa Daktari Langat, Mkipsigis wa Sigowet, mrefu, amevaa koti jeupe lililotiwa kiraka kiwikoni kwa uzi mweusi. Alikuwa amesoma ng'ambo akarudi, jambo ambalo wengi walimcheka nalo. Hakupenda kuitwa Daktari, alisema watu watamletea watoto wenye homa. Tukamwita Mwalimu. Aliniangalia mikono kabla ya kuniangalia uso, akauliza kama nimepaka mafuta. Nilikuwa nimepaka, si ilikuwa siku ya kwanza kazini? Akanituma nikanawe kwa sabuni, nikarudi, akanituma tena.

Wageni wakiuliza kazi yetu ilikuwa nini, niliwaeleza hivi. Chai ya maziwa ikipoa inafanya utando juu. Sisi tulitengeneza utando, ila juu ya glasi, na ule wa chai ni godoro ukilinganisha na wetu. Tuliutengeneza kwa vitu ambavyo si chuma wala si glasi, ambavyo mara vinapitisha umeme, mara vinakataa, kutegemea mwanga, joto na namna ulivyoamka kuvitendea. Vitabu vinaviita nusu-vipitishi. Mwalimu aliviita vigeugeu, akasema ndiyo maana wanasiasa hawahitaji kufundishwa fizikia. Ukiupata utando sawasawa, unaweza kuhisi mwanga na kuugeuza kuwa umeme, au kugeuza umeme kuwa mwanga. Simu zenu zimejaa tando kama hizo. Zetu hazikufika kwenye simu ya mtu yeyote.

Siku hiyo ya kwanza bika, kile chombo cha glasi cha kuchemshia dawa, lilikuwa juu ya jiko la umeme, ndani kuna mchanganyiko wa chumvi ya zinki na dawa ya salfa, na amonia inanuka kama zizi lisilofagiliwa. Kipande cha glasi kilikuwa kimening'inizwa ndani kwa kibanio. Kazi yangu ilikuwa kukiinua kila baada ya dakika chache, kukiosha kwa maji safi, kukiinamisha kuelekea dirishani ili Mwalimu aone, na kukirudisha. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Nikiinua, anasema, "Pado." Narudisha. Nikiinua, "Pado." Nilishaelewa: bado. Mkipsigis ukimpa b anaweza kukurudishia p, hilo nililijua tangu shule ya msingi.

Kisha nikainua, akaruka kutoka kitini. "Doa!"

Nikaangalia glasi. Kweli, lilikuwepo doa, na si dogo. Glasi nzima ilikuwa imeingia rangi, bluu yenye kung'aa kama petroli iliyomwagika kwenye dimbwi.

"Doa, Moraa! Doa, doa!"

"Ndiyo, Mwalimu, nimeiona," nikasema, nikashika pembe ya koti langu jipya na kulifuta doa kwa bidii yote niliyofundishwa na mama yangu.

Alikuwa akiniambia toa: toa glasi, kazi imekwisha, usiirudishe ndani. Nilikuwa nimefuta kazi ya asubuhi nzima. Nilingoja kufukuzwa. Yeye aliichukua ile glasi, akaigeuza mbele ya dirisha, akaona alama za vidole vyangu, akaketi na kuanza kucheka mpaka akatoa miwani kupangusa macho. Baadaye niliomba kalamu nimwandikie lebo, na ulimi wangu wa Kisii ukasema, "Mwalimu, nipe karamu." Akaniuliza, "Karamu? Nani anaoa?" Tukawa sare. Tangu siku hiyo, utando uliokamilika katika chumba kile haukuitwa utando tena. Uliitwa doa. "Leo tumepata doa safi." "Doa la jana limebanduka." Wanafunzi walikuja na kuondoka, wakalipokea neno kama walivyopokea glavu, hawakuuliza.

Kuosha glasi ndiyo nusu ya kazi hii, na sijui kama mnaniamini. Sabuni, maji, maji yaliyogeuzwa mvuke na kupozwa tena, spiriti, tena maji, kisha kukausha ukiwa umeishika kwa koleo pembeni. Alama ya kidole ambayo huioni itaonekana baada ya utando kushika, imekaa katikati kama mhuri wa chifu. Nimewaona watu wenye digrii mbili wakipumulia glasi na kuifuta kwa tai. Kazi ilifanywa asubuhi, kwa sababu mchana Kericho ni ya mvua, na mvua ikianza stima ya jiko inajiandaa kwenda. Mara nyingine ni mvua ya mawe, inapiga paa la bati mpaka msisikilizane, majani ya chai huko nje yanachanika, na ndani bika linapoa katikati ya kazi. Hapo unamwaga, unaosha, unaanza kesho. Tulikuwa pia na mashine ya kunyonya hewa, kubwa kama jokofu la duka la nyama, aliyoipata Mwalimu kutoka chuo kilichoitupa. Ilifanya kazi ikitaka. Nimeifungua na kuifunga mara nyingi kuliko nilivyofungua Biblia, na sote wawili, mimi na pasta wangu, tunalijua hilo.

Jambo lililonipa raha kidogo ni zile chupa za punje. Punje ndogo mno za fuwele, zinazoelea ndani ya maji mpaka unadhani ni maji matupu. Unazimulika kwa tochi ya kuchunguzia noti bandia, ile wanayokaa nayo mawakala wa kutuma pesa pale Litein, na chupa inawaka. Punje zikiwa ndogo zaidi, mwanga wake unasogea kuelekea bluu. Zikinenepa, unasogea kuelekea manjano. Ni kitu kile kile, umebadilisha ukubwa tu, na rangi inabadilika. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilizima taa ya chumba ili nione vizuri. Baada ya miaka mingi nilikuwa naona tu kama chupa zimeoshwa.

Sasa niwaambie juu ya rangi, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotukuta. Utando wetu hauna rangi yake. Rangi unayoiona inatokana na wembamba: mwanga unaogonga juu na mwanga unaogonga chini unarudi pamoja, mwingine unauana, mwingine unasaidiana. Utando ukianza kushika unaona rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, iliyopoa. Ukiongezeka unaingia zambarau. Halafu bluu. Ukipita bluu unafifia, kisha unaanza tena manjano na mzunguko mpya. Sisi tuliitaka ile bluu ya kwanza. Mashine ya kupima wembamba hatukuwa nayo, ilikuwa Nairobi, kwenye chuo kingine, na unangoja zamu yako mpaka usahau ulichotuma. Kwa hiyo kipimo chetu kilikuwa macho ya Mwalimu. Alikaa dirishani, unainua, anasema pado au doa. Glasi zilipokuja kupimwa Nairobi, zililingana naye. Sijaona mtu mwingine mwenye macho kama yale, na nasema hivyo nikijua alikuwa na ubishi wa punda.

Miaka ikapita hivyo. Sitawadanganya kwamba ilikuwa ya kusisimua. Kwa kila doa lililoshika, mengine yalibanduka, yalipasuka, yalikataa umeme au yalikubali kila kitu bila ubaguzi kama bomba. Tuliandika makala, zikachapishwa, zikasomwa na watu wachache ambao pia walikuwa wakingojea zetu ziwataje. Mwalimu akaota mvi. Mimi nikaanza kuketi kila ninapopata nafasi.

Ndipo akaja Chebet. Binti wa Boito, wazazi wake wana chai kidogo na ng'ombe wawili, amekuja kufanya shahada ya pili. Alitaka kutengeneza kifaa cha kuhisi miale ya jua ile isiyoonekana: utando wetu chini, punje zile zinazowaka juu, nyaya mbili. Alikuwa mkimya, mwepesi wa mkono, na aliosha glasi bila kuambiwa mara ya pili. Nilimpenda kwa hilo kabla ya kumpenda kwa mengine. Aliniita Madam. Muda aliopewa na chuo ulikuwa tayari unakwisha, kwa sababu mwaka wake wa kwanza uliliwa na mambo ya nyumbani, na idara ilikuwa imemwambia wazi kwamba asipomaliza safari hii, jina lake linaondolewa.

Alifanya kila kitu sawa, na vifaa vyake havikulingana hata siku moja. Hiki kinahisi, hiki hakihisi, hiki kinahisi leo na kesho kimelala. Alibadilisha chumvi, alibadilisha maji, aliosha bika mpaka vidole vikapasuka. Nilimkuta siku moja ameinamia sinki, bomba liko wazi, anajifanya anaosha huku analia.

Wakati huo huo Mwalimu alianza ugomvi na dirisha. "Moraa, kuna toa kwa tirisha," aliniambia. Mtu huyu alisema doa akitaka toa, na toa akitaka doa. Miaka yote ile tulikuwa tumezoea. Nikaosha dirisha. Siku ya pili akasema ni moshi wa kiwanda cha chai, umeganda kwenye kioo. Nikaosha tena, nje na ndani, nimepanda juu ya stuli na umri wangu. Akaagiza balbu nyeupe zaidi. Akasogeza kiti karibu na kioo mpaka magoti yanagusa ukuta. Siku nyingine alikuja amevaa soksi moja nyeusi na nyingine ya bluu, nikadhani ni haraka za asubuhi.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiinua glasi. Nilikuwa nikiiona bluu mbele yangu, na kutoka dirishani sauti inasema, "Pado." Narudisha. Nainua tena, imeshaanza kufifia. "Pado, pado kapisa." Nilijiambia yeye ndiye ajuaye, labda anataka utando mnene kwa kazi ya Chebet. Kisha kifurushi kikarudi kutoka Nairobi, glasi za Chebet zimepimwa. Hakuna hata mbili zilizokuwa na wembamba mmoja, na zote zilikuwa zimepita. Chebet aliziweka mezani, tukaziangalia sote wawili. Manjano, kijivu, zambarau ya mzunguko wa pili. Hatukuhitaji Nairobi kutuambia.

"Madam," akasema polepole, "Mwalimu haoni bluu."

Nikamwambia anyamaze, kuta zina masikio.

"Si uongo. Anangoja bluu, na bluu ikikuja haimfikii."

"Basi mwambie."

"Mimi? Huyo ni mzee wangu. Nyumbani nikimwambia mzee macho yako imeharibika, si ni kama nimemtukana? Na ni yeye atasaini kazi yangu." Akafuta pua kwa kiganja. "Lakini nisiposema, naenda nyumbani bila kitu. Madam, sijui nifanye nini."

Hata mimi sikujua. Kwetu Kisii pia mtu hamwambii mkubwa wake kasoro ya mwili, unaipitia mbali, unamtuma mtu, unaongea juu ya hali ya hewa. Na huyu hakuwa mkubwa wangu tu. Alikuwa amenifundisha kila kitu mikono yangu inachojua. Macho yale ndiyo yaliyokuwa heshima yake yote, kwa sababu vyeo vilimpita na vifaa hakupewa. Nikimwondolea macho namwachia nini? Nilirudi nyumbani nikapika ugali ukaungua. Niliomba Mungu amfanye ajue mwenyewe, na asubuhi nilipofika alikuwa ananisubiri na ndoo ya maji.

"Tirisha, Moraa. Pado kuna toa."

Nikaichukua ndoo, nikaiweka chini. Chebet alikuwa anachemsha maji ya chai, akasimama tuli.

"Doa haiko kwa dirisha, Mwalimu."

Aliiangalia ndoo pale chini. Kisha akauliza, "Iko wapi?"

Nilijigusa tu chini ya jicho langu, kisha nikakumbuka kwamba pengine hata hilo haoni vizuri. "Iko kwa macho," nikasema.

Niliwahi kumwona amekasirika, alikuwa mtu wa kupiga meza. Siku hiyo hakupiga kitu. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mimi nilikuja pale sijui kushika koleo, na leo nimekuwa daktari wa macho. Iliniuma, na ilikuwa kweli. Akaniamuru nimletee glasi za zamani, zile alizozisifu mwenyewe, nimchanganyie na zile za Chebet. Akazipanga kwenye kitambaa cheupe, akainama, akaanza kuzitenga: hizi zimefika bluu, hizi zimepita. Alichukua muda. Mvua ilikuwa haijaanza, mwanga ulikuwa mzuri. Alipomaliza akanyoosha mgongo, akasema, "Chebet, kuja. Ni sawa?"

Chebet akaangalia, akaniangalia mimi.

"Usiangalie yeye. Angalia kioo. Ni sawa?"

"Hapana, Mwalimu."

"Panga."

Chebet alizipanga. Aliondoa nyingi kutoka upande wa bluu. Mwalimu alifuata kila glasi kwa kidole kana kwamba kidole kitamsaidia. Kisha alivua lile koti lenye kiraka, akalitundika msumarini, akatoka. Alivuta mlango, akakumbuka upande huo ni wa kusukuma, akausukuma. Chebet alilia waziwazi, nami sikumnyamazisha, kwa sababu nilikuwa nalia pia.

Hospitalini walikuta mtoto wa jicho, amekomaa pande zote mbili. Nyuma ya jicho la kushoto kulikuwa na ugonjwa mwingine ambao ulikuwa umeshafanya kazi yake. Jicho la kulia walilitoa ukungu, la kushoto halikuweza kurudi. Wangeliwahi, walisema, kama angekuja mapema. Mliowahi kufanya kazi naye mnajua angejibu nini: alikuwa na kazi.

Aliporudi alikuja moja kwa moja kwenye kabati. Alifungua kisanduku kimoja baada ya kingine, akiinua glasi dirishani kwa jicho lake jipya, na nikaona mabega yanashuka. "Hii nilisema doa?" "Ndiyo, Mwalimu." "Na hii?" "Ndiyo." Zilikuwa glasi za Chebet, na za wengine kabla ya Chebet, na makala zilizokwisha kuchapishwa kutokana nazo. Aliketi na kisanduku mapajani. "Miaka, Moraa," akasema. "Na mlikuwa mnaniona tu." Aliwaandikia waliochapisha akaomba makala mbili ziondolewe, na watu waliocheka kurudi kwake kutoka ng'ambo wakapata jambo lingine la kucheka.

Kisha akamwita Chebet, akamweka kwenye kiti cha dirishani. Chebet alikataa, akasema hawezi kukalia kiti cha mzee. Mwalimu akamwambia kiti ni cha macho, si cha mzee. Yeye mwenyewe akaja kusimama karibu na bika, akachukua kibanio kutoka mkononi mwangu, na kuanzia siku hiyo akawa mtu wa kuinua. Alikuwa akiinua glasi, anageuza uso pembeni kwa makusudi ili asiitazame, anangoja msichana aseme. Mara ya kwanza Chebet alinong'ona.

"Sema kama mtu," akamwambia.

"Bado."

"Na hii?"

"Bado, Mwalimu." Kisha, kwa nguvu, na ulimi wake wa Boito ukiwa safi kabisa, ungeweza kusema toa bila shida yoyote: "Doa!"

Mwalimu akacheka kwa mara ya kwanza tangu hospitali. "Kongoi," akamwambia. Asante.

Walirudia kila kitu. Nililala kila jioni na viatu. Chebet alimaliza siku za mwisho kabisa za muda wake, akasimama mbele ya wazee wa idara, akawasha tochi juu ya kifaa chake na sindano ya mita ikapanda. Akaizima, sindano ikashuka. Akarudia mpaka mmoja wao akasema wameona. Hicho kifaa hakikuwahi kutengenezwa kiwandani. Kiko kwenye kabati la pili, rafu ya chini, na bado kinahisi.

Siku Mwalimu alipostaafu aliniambia kitu pale mlangoni, ameshika lile koti. "Wewe ulingoja sana. Siku yako ikifika, tafuta mtu asiyengoja." Nilimwambia sawa, kama tunavyowaambia wazee. Alizikwa kwao Sigowet, mvua ikinyesha, na waliosimama kuzungumza walitaja shahada zake zote kwa mpangilio. Hakuna aliyetaja macho.

Chebet alienda kusoma zaidi, akarudi, akawa mwalimu wenu. Mimi nikabaki na bika. Kadiri miaka ilivyokwenda yeye alikuwa na madarasa na mikutano, kwa hiyo kiti cha dirishani nikakikalia mimi, na vijana wakawa wanainua. Nilimwambia Chebet yale maneno ya Mwalimu. Nilimwambia, siku hiyo usinionee haya. Akasema, "Sawa, Mama." Wakati huo alikuwa ameshaacha kuniita Madam.

Asubuhi ninayoizungumzia ilikuwa ya kawaida. Nilikuwa nimechoka, lakini nimechoka tangu lini? Kijana mmoja aliyekuwa akiinua alikuwa amekwenda kuteka maji, nikasimama mwenyewe nikashika kibanio. Nikainua, nikaona bado. Nikarudisha. Nikainua tena, zambarau kidogo, kijivu kidogo, bado. Niliona pia kwamba kioo cha dirisha kimeingia vumbi, nikajiambia nitaagiza kioshwe. Chebet alikuwa amesimama nyuma yangu na vitabu mkononi, sikujua amesimama pale kwa muda gani.

"Doa, Mama," akasema.

Nikaitoa glasi haraka, kama nilivyopaswa kufanya siku yangu ya kwanza, nikaiweka kwenye kitambaa. Nilifurahi hata, nikafikiri nimeiwahi.

Chebet hakuiangalia glasi. Aliweka vitabu chini, akanishika mkono ulioshika kibanio.

"Doa si ya kioo," akasema.